Zawadi Iko Nje

Mpishi alitoka jikoni mbio, aproni imemkaa upande, akapaza sauti: "Moto!" Na ukumbi mzima, vijana kwa wazee, tukamjibu kwa furaha: "Uwake!"

Hatukuwa wehu. Lilikuwa neno la mjomba wangu, na ndilo lililompatia jina mjini. Mjomba alikuwa mshereheshaji. Kila sherehe ilipoanza kupoa alishika kipaza sauti akauliza, "Moto?" nasi tukaitikia, "Uwake," hata waliokuja shingo upande wakajikuta wanapiga makofi. Alasiri ile ya harusi tulikuwa tumeitikia mpaka makoo yamekauka. Mpishi alipotokea tukadhani naye kanogewa. Akaita tena, tukamjibu kwa nguvu zaidi, na meza ya marafiki wa bwana harusi ikamwinulia glasi.

Mpaka leo, nikiwa peke yangu naosha vyombo, huusikia mwitikio ule na sauti yangu imo ndani yake. Huogopa. Hufunga bomba na kusubiri upite.

Dada yangu hakuitikia. Alikuwa amenuna tangu asubuhi. Bibi harusi alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, na dada alikuwa na hakika kwamba ndiye atakayemsimamia. Kumbe bibi harusi kamchagua wifi yake, mtu wa juzi tu, na dada akapangiwa meza ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, pamoja nami niliyekwenda kula. Ubavuni petu palikuwa na mlango, lakini ulikuwa umefungwa kwa mnyororo ili wazamiaji wasiingie, na mpambaji alikuwa ameuficha kwa pazia la zambarau. Zambarau ilikuwa kila mahali, ukutani na darini. Hata mtungi wa kuzimia moto ulivalishwa kitambaa ukafungwa utepe, maana wekundu wake ulimkera mpambaji. Dada aliutazama tulipokuwa tunaketi, akasema, "Huyu naye kapambwa kuliko mimi." Nilicheka, yeye hakucheka.

Moshi hatukuuona kwa sababu ulikuwa juu ya kitambaa cha dari, unatambaa polepole kutoka upande wa jikoni. Mjomba naye hakuuona. Alichoona ni uso wa mpishi, na kusoma nyuso za watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Akasema kwenye kipaza sauti, bila mbwembwe, "Jamani, ni kweli. Moto."

"Uwake!"

Dada aliinua kichwa. "Mbona kama kweli?" akaniuliza.

Nilimwona mjomba akifumba macho kidogo tu. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kazini.

"Wageni waalikwa, kuna zawadi ya maharusi iko nje. Ni kubwa, haiingii mlangoni. Twendeni tukaione, watoto na wazee mbele, bila kusukumana. Muziki, tafadhali."

Watu wakainuka wakicheza. Walitoka kwa mlango mkubwa, ndio pekee uliokuwa wazi, mikono mabegani mwa wenzao, shangazi mmoja kavua viatu kabisa ili aicheze safari vizuri. Mpishi alikuwa miongoni mwao, analia, na waliomwona walidhani ni machozi ya furaha.

Uso wa dada ulikuwa umerudi kwenye kununa kwake. Nilimshika mkono. "Twende basi."

"Zawadi ya mtu nikaione ya nini?" Akauvuta mkono wake. "Nenda wewe, utanisimulia."

Nikaenda. Nilipofika nje nilianza kuitafuta hiyo zawadi, nimenyoosha shingo, nikidhani ni gari. Ndipo watu mbele yangu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kutazama paa. Moshi mweusi ulikuwa unafuka kwenye mabati juu ya jikoni. Umeme ukakatika, muziki nao ukakatika. Mjomba alitoka wa mwisho akikohoa, bado ameshika kipaza sauti, waya unaburuta nyuma yake.

Moto ulipozimwa, dada walimkuta nyuma ya pazia, kwenye mlango wa mnyororo.

Watu walimwita mjomba shujaa, naye akawa anawakwepa barabarani. Ushereheshaji aliuacha siku ile ile. Mwezi uliopita alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama afanyavyo kila mahali sasa, akazungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, kuna mtu kaniambia dada yako alikuwa amekaa pale mezani niliposema zawadi. Eti alinisikia, akabaki."

Aliyemwambia hakukosea. Mjomba angeshikilia ukweli, dada angeinuka, na ukumbi ungebaki unaitikia. Alisema uongo, ukumbi ukatoka, na dada akabaki. Jambo hilo nimeligeuza miaka yote na sijaona upande wa kulilalia. Lakini yeye alikuwa mzee sasa, na jibu alilitaka kwangu.

"Alikuwa chooni, mjomba. Hakukusikia."

Alinitazama kwa macho yale yale ya kusoma nyuso. Nami sikuuondoa uso wangu.

"Angesikia angekuja mbio," akasema. "Alikuwa anapenda sana zawadi, yule."

"Sana," nikamjibu, nikammiminia chai nyingine.