Nyanya za Biashara

Mama mkwe wangu ni mkarimu, sitamsingizia. Lakini tangu niolewe nyumba hii kuna jambo linanikereketa. Shamba letu la nyanya limeteremka hadi mtoni, wekundu mtupu, na bado nyanya za kupikia tunachuma kwenye kijituta nyuma ya jiko, vinyanya vyenye makovu ya wadudu. Nilipouliza, mume wangu alicheka. Akasema za shambani ni za biashara, na mtu hali mtaji wake.

Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Niliingia stoo nikasoma chupa ya dawa. Imeandikwa wazi: ukishapuliza, usivune mpaka wiki mbili zipite. Na wiki hii hii mume wangu alipuliza jioni, pampu mgongoni, kitambaa puani, na asubuhi makreti yakapakiwa. Nilipomkabili, akanijibu kwamba bila dawa wadudu wangetuachia vikonyo. Ni kweli, wala sikatai. Dawa haina kosa, kosa ni haraka yake. Roho yangu haikutulia.

Jana mama yangu mzazi alikuja kunitazama, mara ya kwanza tangu harusi. Mama mkwe alimpokea kwa vicheko, akamwita dada, akanikataza kugusa jiko. Kisha akachukua beseni. Nilimchungulia dirishani. Alipita kijituta bila kukitupia jicho, akashuka shambani.

Nilijaribu kumtetea moyoni. Labda anaona aibu kumwandalia mgeni vinyanya vya makovu. Labda.

Mezani, nyanya zilikuwa zimekatwa mbichi, zimenyunyizwa chumvi na ndimu, zinang'aa. Mama yangu akanyoosha mkono. Nikaiwahi sahani, nikaisogeza kwa mama mkwe.

"Tangulia wewe, mama," nilimwambia. "Mgeni ataona haya kuanza."

Mama yangu alitabasamu, akidhani ni adabu alizonifunza mwenyewe. Mama mkwe alinitupia jicho. Akachukua kipande, akakigeuzageuza, akakirudisha sahanini.

"Mie nyanya zinanisumbua tumbo, mwanangu," alisema taratibu. "Mpe mama yako."

Huu ni mwezi wa tano naishi naye, na hakuna siku amekula chakula bila nyanya.