Usizime Simu, Mama

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Kavira aliyajua yote. Ofisini kwao Butembo, kwenye shirika la misaada, walizipigia simu familia za vijijini kuuliza zinakula nini na zinalala wapi. Wengi walikata. Nani mjinga wa kumweleza mgeni habari za nyumbani kwake, wakati wauaji wanazunguka na mapanga? Kavira akaacha Kifaransa, akasalimia kwa Kinande, lugha ya wenyeji, akauliza kwanza habari za watoto, kisha akaomba jambo moja: simu isizimwe. Watu wakaanza kujibu. Ézéchias, mkuu wake, akamsifu mbele ya wenzake, naye akavimba kichwa.

Tamar, mjane mwenye shamba la kakao karibu na Beni, ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Siye tukikimbiaka, tunazima," alisema. "Simu ikilia mu pori, banakusikia."

"Usizimake, mama. Ukizima, nitakupata namna gani?"

Akambembeleza hadi mjane akakubali. Wakazoeana, Tamar akawa anamwita mutoto yangu.

Mchana mmoja habari ikafika: wauaji wameingia mashamba ya kakao, wanachinja watu. Ofisi nzima ikageukia simu, kila mtu akitafuta ndugu zake. Kavira peke yake aliketi bila kupiga.

"Mama Tamar, haumupigie?" Ézéchias akauliza.

"Kama amejificha, simu itamuuza."

"Lakini kama ameumia, anangojea musaada?"

Uchungu ukamshinda. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikapokewa.

"Kata, mutoto yangu," Tamar akanong'ona. "Bauaji beko hapa."

Vijiti vikavunjika. Mwanamume akacheka. Tamar akaomba kwa jina la Yesu, na panga likamkatiza. Kavira alisikia likiingia mfupani, likichomolewa, likirudi tena na tena, kama mtu anayepasua kuni. Kisha simu ikakanyagwa.

Ni mimi niliyemuua, alijiambia, na hakukosea sana. Akaruka juu, akampokonya Ézéchias simu, akaibamiza ukutani.

"Kateni! Bote mukate! Munabauwa!"

Wengine wakakata, wamepigwa na butwaa. Malachie, jirani yake wa meza, akamsukuma kwa kiwiko bila kumtazama, simu ikiwa bado sikioni.

"Nyamaza, Kavira," akasema. "Ya mama yangu inaita."