Nyumba Yenye Mota

Watu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari gani hili, jamani? Halina kioo, halina mlango, halina hata kipande cha bati. Magurudumu matatu, mota ya umeme, paneli ya sola kileleni, na mwili wote umesukwa kwa fito na majani ya mkoma, mviringo kama bakuli lililopinduliwa. Barnabé, ambaye kambini wengi humwita Baba Shalom kwa jina la bintiye, aliwaacha wacheke. Gari la bati kwenye jua la Turkana ni oveni, na yeye alitaka gari la miaka ijayo.

Chuma alikichomelea mwenyewe. Huko Bukavu alikuwa fundi wa magari, na mikono haijasahau. Kusuka ndiko kulikomshinda. Akamwendea Atiir, mama wa Kiturkana anayemuuzia makaa, akamwomba afunike ile chasisi kama wanawake wa kwao wanavyojenga nyumba. Atiir alisuka siku tisa. Barnabé akampa sukari na tumbaku, akadhani mambo yamekwisha. Miaka kumi na mmoja kambini, na bado hajui kwamba kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga! Mwanamume huingia kwa kukaribishwa.

Maonyesho ya magari ya miaka ijayo yalikuwa yafanyike Lodwar. Mbunifu wa gari bora angepelekwa Nairobi mwaka mzima, kwenye karakana yenye kila kitu, na kama ni mkimbizi, atafutiwe kibali cha kutoka kambini. Nafasi moja, jina moja. Barnabé alijaza fomu, akaandika lake. Alikitaka kibali hicho kuliko chakula. Gari lilipopakiwa kwenye lori, Atiir naye akapanda bila kuulizwa, akaketi ndani ya gari lenyewe njia nzima.

Jaji alikuwa injinia mmoja mpole, Ekwam. Alilizunguka gari mara tatu, akaingiza kichwa, akatoka akitabasamu.

"Kumbe ndani kuna ubaridi! Na hizi fito sioni msumari hata mmoja. Zinashikanaje?"

Barnabé aliinama kulitazama fundo moja. Hakujua.

"Basi tufungue kidogo tuone," akasema Ekwam, mkono tayari kwenye fundo.

"Wee! Toa mkono!" Atiir alitokeza kichwa kutoka ndani. "Unafungua nyumba ya mwanamke bila kumuuliza?"

Ekwam, Mturkana mwenyewe, aliuondoa mkono upesi kwa aibu. Akamgeukia Barnabé. "Huyu mama ni nani? Kibarua wako?"

Ilibaki kuitikia tu. Ndiyo moja, na Nairobi ni yake. Akamtazama Atiir, na aibu ikamshika, aibu ya kweli.

"Hapana," akasema. "Nyumba ni yake. Mimi nimemwekea magurudumu."

Ekwam aliichukua fomu, akakata jina la Barnabé, akaandika la Atiir. Alipomaliza kukagua magari yote alirudi. "Mama, gari lako limeshinda. Utakwenda Nairobi."

"Na Baba Shalom?"

"Nafasi ni moja."

"Nyumba hii inatembea kwa mkono wake. Bila yeye itafika wapi? Andika wawili."

"Sheria haikubali, mama."

"Haya."

Atiir hakubishana. Alifanya wanavyofanya wanawake wa kwao siku ya kuhama: alianza kufungua fundo moja moja, akizilaza fito chini. Chuma kikaanza kuonekana.

Barnabé aliumia, tusidanganyane. Nairobi ilikuwa inafumuliwa mbele ya macho yake. Lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyewahi kukataa kwenda mahali kwa sababu yeye ameachwa. Akapiga magoti, akashika kamba amsaidie kufungua.

"Si hivyo!" Atiir akampiga kikofi mkononi. "Unaanzia chini. Tazama, nikuonyeshe."