Visu vya Orvai Malishoni

Asubuhi moja ya Aprili, Bainzu Sechi alikuwa ameshika pembe ya kondoo dume juu ya makaa, akiigeuza polepole ili ilainike bila kuungua. Ikishalainika, angeibana kwenye jiriwa inyooke, kisha aipasue kupata mpini wa kisu cha kukunja. Karakana nzima ilinuka pembe. Binti yake Mallena alikuwa kwenye cherehe akinoa bapa lenye umbo la jani la mhadasi, kama visu vyote vinavyotengenezwa Orvai, na kama vilivyo vingi katika milima ile ya Sardinia.

"Baba, kile cha padri kimesogea tena," alisema Mallena bila kuinua kichwa.

Kisu cha padri kilikuwa kimeletwa jana yake kupunguzwa. Kiliachwa mezani, na sasa kilikuwa ukingoni mwa dirisha la kaskazini. Mpini wake ulikuwa umerefuka kwa upana wa dole gumba na kuanza kujikunja.

"Kifunge kamba," alisema Bainzu. "Nikimaliza hii nakishughulikia."

Hiyo ilikuwa Aprili ya tatu ya mambo hayo. Mwuza pembe wao alipoacha kazi, Bainzu alipanda darini akateremsha magunia ya babu yake. Zilikuwa pembe za kondoo waliokuwa wakilishwa Padru, siku ambazo Padru ilikuwa malisho ya kijiji kizima, kabla babu wa Don Ercole Farris, tajiri anayeimiliki sasa, hajaizungushia ukuta wa mawe na kusema ni yake. Visu vilivyotokana na pembe hizo vilitoka vizuri kuliko vyote. Orvai nzima ilivinunua, kwa sababu mwanamume wa Orvai asiye na kisu mfukoni huhesabiwa kuwa ametoka nyumbani nusu uchi.

Baridi ilipokwisha, mipini ikaanza kuota. Hakuna aliyelalamika. Watu walivileta vipunguzwe kama wanavyopeleka nyumbu kukatwa kwato, na Mallena aliyamwaga mabaki ya pembe kwenye shina la maharagwe, yakapanda hadi juu ya bomba la moshi.

Taabu ilikuwa kule kuvuta. Visu vyote vilivuta kuelekea Padru. Mtu akikaa baa, suruali yake iligeukia mlango kabla yake. Jumapili ya Matawi wanaume wote kanisani walisali wameinama upande wa kushoto, na padri, ambaye alikuwa hajakipeleka chake karakana, akahubiri ameinama vilevile.

Zosepe Lai, mchumba wa Mallena, alikuwa na kondoo lakini hakuwa na nyasi. Aliwalisha kando ya barabara, baina ya vumbi na malori. Binamu yake alikuwa amempatia kazi Torino, kwenye kiwanda cha matairi, na alipaswa kuondoka baada ya Pasaka.

"Twende wote," alimwambia Mallena mlangoni mwa karakana.

"Mimi? Torino? Watu wa huko wanakata nyama kwa kisu cha mkahawa, cha kuazima. Nenda wewe. Ukifika niletee picha ya moshi."

"Sitanii, Mallena."

"Na mimi je, nacheka?"

Bainzu alikohoa kutoka ndani. "Mkwe, kama unaondoka, ondoka. Kama unabaki, nishikie mvukuto."

"Umeniita mkwe, Fundi?"

"Ulimi umeteleza. Vukuta."

Jumatatu ya Pasaka wanaume waliacha kushindana na mifuko yao. Waliviacha visu viwaongoze, na saa nne walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa Padru, mapaja yamebanwa kwenye mawe. Wazee walisema pembe hazisahau kwao. Baraza la kijiji lilimwita hakimu kutoka mjini. Hakimu alitembea kutoka mwisho mmoja wa ule mstari hadi wa pili, akaugusa mfuko wa kila mmoja, akatamka kwamba ni wazi kabisa Padru ilikuwa ya watu wote, na kwamba sasa si ya watu wote. Kisha akaenda kula kwa Don Ercole.

Usiku huo Zosepe alifunga sanduku lake. Asubuhi Mallena alimkuta nalo uwanjani. Mallena mwenyewe alikuwa amebeba kikapu kilichojaa visu vya kijiji kizima, alivyovikusanya nyumba kwa nyumba, naye anatembea upesi, maana kikapu kilimvuta.

"Weka sanduku chini, unisaidie. Vina njaa hivi. Hujawahi kuona mnyama mwenye njaa wewe?"

Zosepe alikitazama kikapu kwa jicho la kazi. "Vina njaa kweli," alisema, akalishusha sanduku.

Langoni walimkuta Don Ercole mwenyewe, mkono mmoja ameukandamiza kwenye mfuko wa suruali.

"Kondoo wa watu hawapiti hapa, kijana."

"Sikuja na kondoo, Don Ercole. Nimeleta visu."

"Vinataka nini?"

"Kula."

Don Ercole alichungulia kikapuni. "Vinakula sana?"

"Kama kondoo wa mwaka mmoja. Ila havinyi."

"Hasara hiyo. Mbolea nitapata wapi?"

"Na chako kitoe, Don Ercole," alisema Mallena. "Tunakisikia kinavyokwaruza. Hiyo suruali ya ngapi wiki hii?"

Don Ercole aliuondoa mkono juu ya mfuko. Kisha alitoa kisu chake, kazi ya Bainzu, akakiweka juu ya vingine.

"Kirudi kabla ya chakula. Na ni visu tu, tumeelewana? Mwanakondoo wenu mmoja akitia pua humu, nawafukuza nyote."

Zosepe alivimwaga nyasini. Vilijifungua nusu, vikasimama kwa bapa na mpini, vikaanza kusogea taratibu, vikikata majani karibu na ardhi. Alipopiga mluzi vilirudi, vikajifunga kimojakimoja.

Baraza likaamua kijiji kinahitaji mchungaji wa visu, na kila nyumba ikakubali kumlipa kwa mafuta, unga na mvinyo. Sanduku lilirudi uvunguni. Vijana baani walimtania wakachoka.

"Mchungaji, jioni unakamua nini?"

"Nawakamua nyinyi. Baba yako hajaleta unga."

Kufikia Juni mipini iling'aa, mabapa hayakuhitaji kunolewa, na Bainzu alikuwa akitembea kijijini mikono nyuma kama mtu aliyeozesha mabinti wengi. Nje ya ukuta kondoo wa Zosepe walisimama paji la uso kwenye mawe, wakisikiliza visu vikitafuna.

Harusi ilifanyika Septemba. Meza zilipangwa barabarani, watoto walipanda juu ya madirisha, na Bainzu alilia kwa furaha kabla ya misa, wakati wa misa na baada yake, akisema ni moshi wa nyama. Don Ercole alikuja na zawadi ya mashuka, akapewa nafasi nzuri, karibu na padri. Kila mwanamume alitoa kisu chake, na vyote vilifunguka kwa mlio mmoja.

Kondoo wa bwana harusi walikuwa hawana maziwa, hivyo jibini ilinunuliwa kwa Don Ercole, ya kondoo wake wanaolishwa Padru. Ilikuwa duara kubwa, ya manjano, inatoa machozi ya mafuta. Mallena alikata kipande cha kwanza, akamlisha mumewe, akaonja mwenyewe, akafumba macho.

"Jamani," alisema, na meza zote zikamsikia, "hii ni Padru yetu tupu."

"Asante, mwanangu," alisema Don Ercole, akainua glasi. "Nitawauzia nyingine."

Glasi zote zikainuliwa, maana mvinyo ulikuwa mzuri na bwana harusi alikuwa amebaki. Kodiani ikaanza.