Prosesa ya Mzee Mhina

Kompyuta ya chama chetu cha wakulima hapa Mkata, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Mimi Shamimu ndiye katibu, na kwa sababu ya dude hilo nilikuwa nakosa basi la jioni kila siku ya Mungu. Nikifika nyumbani Ngombezi, mwanangu Yusra keshalala. Jamani, iliniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: nimkute macho.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alipokubali tununue mpya, nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Tukaenda Korogwe kwa Isaka, fundi na muuzaji wa kompyuta.

Sasa, Isaka ni Msambaa na Mzee Mhina ni Mzigua. Ni watani hao, na mzee ana msimamo wake: lolote analosema mtani, ujue ni mtego.

"Shikamoo mzee. Bado mnakula bada, ule ugali wenu wa muhogo, huko kwenu?"

"Marahaba. Na wewe bado unaogopa maji ya kuoga, unasingizia baridi ya milimani?"

Wakacheka wee, mpaka nikaanza kuangalia saa. Ndipo Isaka akaeleza kwamba prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kwamba kwa barua na mahesabu ya ofisini, yenye prosesa ndogo, i3 ya toleo jipya, inatosha kabisa. Ile kubwa, i9, iliyokaa rafu ya juu ni ya watu wanaotengeneza video.

Mzee akanikonyeza. "Umemsikia? Anataka kutubambikia kadogo. Mimi nina mashine ya kusaga, naijua injini. Ukiipa injini ndogo magunia mengi, inakufa. Shusha hiyo kubwa!"

"Mzee, kwani mnasaga barua?"

"Shusha, mla kabichi wewe!"

Ofisini tunatumia betri ya sola, na jitu lile lingeikausha kabla ya adhuhuri. Ningerudi kulekule kwenye kungoja, na Yusra wangu kulekule kwenye usingizi. Nikamvuta Isaka nyuma ya mlango.

"Kaka, msifie ile kubwa."

"Nimdanganye mzee wa watu?"

"Mtanie! Si mtani wako?"

Isaka akarudi amenuna kama mtu aliyeshindwa kesi. "Mzee, umesema kweli. Chukua i9. Hii ndogo niachie, nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya shemeji yangu."

Mzee Mhina akasimama wima. Akaitazama kubwa, akaitazama ndogo, kisha akapiga kofi mezani.

"Ehee! Umejikanyaga! Kizuri umfichie shemeji yako, sisi utubebeshe jitu? Funga hiyo ndogo, sasa hivi!"

Njia nzima alijisifu, na mimi nikaitikia, "Kweli mzee, huchezewi wewe." Nilijing'ata ulimi nisicheke.

Kesho yake kale kadogo kaliwaka kabla sijavuta kiti vizuri. Barua zikaisha, taarifa ya ufuta ikaenda, nikawahi basi nikiwa na nafasi ya kununua maandazi. Nilifika Ngombezi jua bado lipo.

Yusra alikuwa uani anaosha vyombo. Akaniona, akalitazama jua, akanitazama tena mimi. Sufuria likamponyoka na machozi yakamlenga.

"Mama," akaniuliza, "wamekufukuza kazi?"