Lita Elfu Mbili za Wodi ya Wazazi

Tangu saa tisa alasiri wodi ya wazazi haikuwa na tone la maji, na fundi bomba wa hospitali alikuwa amekuja juu. Dada yake, mkunga wa wodi hiyo, alishampigia simu mara tatu. Mara ya tatu hakusalimia.

"Kaka, mama kajifungua sasa hivi, nimenawa mikono kwa maji ya kunywa ya mgonjwa mwenzake. Chupa moja! Mnatuchezea nyie?"

Basi fundi akapanda ngazi za utawala mbili mbili, damu ikimchemka. Mbaya wake alimjua: mhandisi mpya, binti mdogo, na kompyuta yake ya kukisia maji. Siku hizi kila jengo lilipewa kiasi ilichotabiri kompyuta, kikiisha pampu inajizima. Zamani ilizimwa na mtu, tena mtu mwenye masikio ya kusikia wakunga wakipiga kelele.

"Hivi hiyo mashine yako imewahi kuzaa?" alifoka akiwa bado mlangoni. "Vitanda ishirini unavipa lita elfu mbili kwa siku? Hata dobi hazimtoshi!"

Mhandisi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata fundi maini.

"Mzee wangu, kompyuta haijui kitanda wala dobi. Inasoma matumizi ya nyuma, inakisia ya mbele. Tumeilisha vipimo vya miezi tisa mizima."

"Vipimo vya kipumbavu! Aliyeviandika ni mpumbavu, afukuzwe kazi leo hii!"

Binti akavuta droo, akatoa daftari lililoshonwa mgongoni kwa uzi wa nailoni. Fundi aliujua uzi ule. Aliushona mwenyewe.

Jumatatu, elfu mbili. Jumanne, elfu mbili. Miezi tisa, elfu mbili. Mita ya wodi ile ilikuwa juu, ubavuni mwa tangi, na ngazi ya kupandia ilivunjika. Aliomba nyingine mara mbili, wakamfanya hamnazo. Akasusa. Kila asubuhi akawa anakaa chini ya tangi na kikombe chake cha chai, anaandika tarakimu ileile. Nani angesoma daftari la fundi bomba?

"Nilishangaa wodi gani hii, maji hayapandi wala hayashuki," mhandisi alisema. "Nikadhani mkunga wao anajua kubana. Nimemsifu kwenye ripoti."

Hasira fundi alikuwa nazo tele bado: za ngazi, za wakubwa, za kompyuta. Zilikosa tu pa kwenda.

"Washa pampu, mwanangu," alisema.

Binti akabonyeza. Simu ikaita mfukoni mwa fundi.

"Kaka, umempata huyo mjinga?"

"Nimempata."

"Nipe namba yake nimtukane mwenyewe!"

Fundi akalifunga daftari.

"Namba yake unayo," alisema.