Wimbo wa Kujaribia Spika

Mtaa mzima wa Kuze unamjua Fundi Khubaib kwa wimbo mmoja. Kila akimaliza kutengeneza spika huijaribu kwa rege ile ile, wala haiachi ifike mbali. Besi inaingia, gitaa linajibu, mtu anaimba mistari miwili, kisha kimya. Spika imepona.

Mimi hukaa dirisha la juu, mkabala na kibanda chake, nikitunga vikuba, vishada vya asumini vya mabiarusi, pamoja na shangazi yangu, Bi Khairiya. Mwanzo wa wimbo ule nausikia tangu nilipoacha shule, darasa la sita. Gitaa lake hugonga pale besi inapoacha pengo, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukishuka wa yule ukipanda. Mwisho wake sikuujua. Nilijitungia miisho yangu kichwani, hakuna ulionitosha. Kuuliza sikuthubutu. Mimi hata chumvi dukani huagiza kwa kidole.

Jana nikamsikia fundi akimwambia Karisa, muuza kahawa, kwamba mwisho wa mwezi anahamia Makupa. Usiku sikulala vizuri. Leo mchana nikabeba redio ya shangazi, nikashuka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Haisemi."

Akaiwasha. Msomaji wa habari akatusalimu sote.

Karisa aliyekuwa kwenye benchi alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Fundi, hii yasema kuliko mwenyewe!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Makupa ni mbali, na mimi siendi popote. "Ule wimbo, ami," nikasema nikiangalia viatu vyangu. "Huwa unaishaje?"

Fundi aliweka bisibisi chini. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza."

Akaufungulia kwenye spika kubwa. Mistari miwili ikapita. Wa tatu ukaja. Nikashika ukingo wa meza. Sauti za wanawake zikaanza kupanda nyuma ya mwimbaji, na hapo hapo msikitini wakaadhini. Kidole cha fundi kikazima. Kwetu hakuna sauti inayopanda juu ya adhana.

"Rudi baada ya sala," akaniambia.

Nilisali. Kisha miguu ikakataa kushuka tena. Nikachukua sindano na uzi.

"Redio yangu i wapi?" shangazi akauliza.

"Kwa fundi."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi kaifuate, kabla hajaipa ugonjwa."

Fundi aliuanza upya. Wale wanawake walipanda, wakapanda, halafu mwimbaji akaondoka, zikabaki ngoma na besi tu, na sauti ya mwimbaji ikawa inarudi vipande vipande kutoka mbali, kama mtu aliyeita ndani ya kisima. Besi niliisikia kifuani, si masikioni. Karisa alishika kikombe asinywe. Na wimbo haukuisha. Ulikwenda zake ukipungua, kama watu wa arusi wanaokata kona na ngoma yao, nawe unajua huko waendako bado wanapiga.

Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

"Baada ya huyu, nimsikilize nani?" nikauliza.

"Usimfuate mwimbaji," fundi akasema. "Mfuate mpiga besi. Huyu amewapigia wengi, atakufikisha kwao mmoja mmoja. Lakini kwanza usikie walikotoka. Kabla ya rege kulikuwa na ska."

Akachomeka kadi ndogo ya nyimbo ubavuni mwa redio ya shangazi. Zikalipuka tarumbeta! Pigo lilikuwa lile lile la pengoni, ila sasa lilikimbia, likicheka, na chini ya buibui miguu yangu ikaanza kazi bila ruhusa yangu. Kumbe nyuma ya ule mwanzo mdogo kulikuwa na ukoo mzima.

Shangazi akachungulia dirishani. "Swafia! Imepona?"

"Bado!" nikapaza sauti, na uchochoro mzima ukageuka kunitazama. "Bado kabisa!"